Wazee Walivyonitungia Besi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka mke wangu ananiuliza kama nimemeza dawa sawasawa. Ni siku niliyopiga gitaa la besi kwenye sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia yetu, hapa Sumbawanga, mbele ya kila mtu anayenijua. Nikasifiwa kwa kazi ambayo sikuifanya, na kabla jua halijazama nikaumbuka. Nakusimulia wewe, mjukuu wangu, kwa sababu nimesikia umegombana na wenzako wa bendi. Nimesikia wamekuambia upunguze besi kwenye wimbo wenu wa roki, na wewe ukachomoa waya ukaenda zako. Usiniulize nimesikia wapi. Mtaa huu wa Katandala si mkubwa kiasi hicho.

Basi keti. Hilo gitaa liegemeze ukutani, halitakimbia.

Mimi unayeniona leo na kofia ya sufu na koti la kuazima nilikuwa kijana wa suruali ya kubana. Nilikuwa nasimamia mashine ya kusaga, na jioni nilikuwa mwanabendi. Tulikuwa watatu. Fidelis ndiye aliyekuwa mkubwa wetu: aliimba, alipiga gitaa la solo, na vyombo vyote vilikuwa vya mjomba wake. Nestori alipiga dramu. Mimi nilipiga besi, na sitakudanganya kwamba niliichagua. Siku ya kugawana vyombo nilichelewa.

Wakati huo mjini hapa watu walikuwa wanacheza rumba, na Jumapili kwaya. Roki hakuna aliyeijua. Fidelis alikuwa amekaa Mbeya mwaka mmoja, akarudi na kanda chache za roki na nywele nyingi. Akatueleza kwamba roki haipigwi kwa kutabasamu. Akaanza kuimba akiwa amefumba macho, kwa sababu kwenye kasha la kanda moja kulikuwa na picha ya mwimbaji aliyefumba macho. Alikuwa akianza wimbo anayafumba, akimaliza anayafumbua, na katikati hapo ungeweza kumwibia hata viatu.

Akatunga wimbo wa roki wa Kiswahili, akauita "Baridi ya Juni". Wewe umezaliwa huku juu, huna haja ya kuelezwa baridi ya Juni. Nilipolisikia jina nikasema sawa, mtu ametunga wimbo wa hali ya hewa, si vibaya. Sikuuliza zaidi ya hapo. Mimi nilikuwa nafikiria besi yangu.

Na hapa ndipo nilipopotea, kwa hiyo sikiliza vizuri. Fidelis alikuwa ametupa kiunzi cha wimbo tu: zile sauti nne unazozungukia, mahali pa ubeti na mahali pa kiitikio. Besi nilitakiwa nitunge mwenyewe. Sasa mimi mazoezi yangu nilikuwa nayafanyia mashineni, mchana, mahindi yakisagwa. Injini inanguruma, unga unaruka, na gitaa halina spika. Ili nijisikie ilinibidi nigusishe kichwa cha gitaa kwenye meza ya mbao, nami niweke sikio hapo hapo. Akina mama waliokuja na ndoo zao za mahindi na ulezi walikuwa wananikuta nimeinama nakuna nyuzi, hakuna sauti inayotoka. Mmoja akaniuliza, "Kasiano, wewe unasaga au unajikuna?" Nikamwambia natunga muziki. Akasema akinitazama anaona naumwa.

Mtu anayetungia besi kwenye kelele za injini, mwanangu, anajifunza kujaza. Nilijaza kila mahali. Fidelis akivuta pumzi, mimi nimo. Nestori akinyanyua kijiti, kabla hakijashuka nimeshapita mara tatu. Vipande vyangu nilivipa na majina. Kulikuwa na kimoja nilichokiita Lori la Tunduma, kilichopanda polepole huku kikikoroma. Kingine, kipenzi changu, nilikiita Mteremko wa Kasanga. Kilianza juu kabisa kwenye shingo ya gitaa, kikashuka mbio bila breki mpaka ziwani. Wewe unaijua ile barabara. Ndivyo kilivyokuwa, na kona zote nilizitia.

Fidelis alikuwa mpole, lakini hata mpole ana kikomo. Wiki moja kabla ya sikukuu tulimaliza mazoezi, akafumbua macho, akanitazama.

"Kasi, besi yako haijakaa."

"Haijakaa vipi? Mbona nimeweka kila kitu?"

"Ndiyo hiyo. Umeweka kila kitu. Mimi nikiimba sijisikii. Paroko ametupa wimbo mmoja tu, na wazee wote watakuwepo. Ikifika siku hiyo bado haijakaa, gitaa nampa Rajabu."

Rajabu alikuwa kijana wa Kasanga aliyekuja mjini kuuza dagaa, akawa anakuja kututazama mazoezini. Mara mojamoja alishika besi mimi nikiwa nakunywa maji. Alikuwa anapiga noti mbili, anangoja, anapiga moja, anangoja, utadhani anapima dagaa na hataki kumpunja mteja. Mimi nilimdharau kabisa. Nilimwita Bwana Pole.

Lakini nilipoambiwa gitaa litaenda kwake nilikosa raha. Nakwambia ukweli. Nililipenda lile gitaa. Lilikuwa jekundu lililokolea, limechubuka upande mmoja, na uzi mnene ulikuwa umepoteza mng'aro. Kusaga mahindi kila mtu anaweza, hata mashine ukiiwasha ikiwa peke yake inasaga. Lile gitaa ndilo lililofanya watu wajue jina langu. Wiki ile nilijifungia mashineni na kufanya mazoezi kuliko siku zote. Na badala ya kupunguza, nikaongeza. Nilisema Fidelis hajaelewa tu, akisikia zaidi ataelewa.

Sikukuu ikafika. Misa ikaisha, watu wakaingia bwaloni kula. Sisi tukapanga vyombo nje, kwenye uwanja mbele ya bwalo. Waya wetu wa umeme ulikuwa mfupi, ukaishia katikati ya uwanja, basi tukaweka spika pale pale ulipoishia. Hakuna kati yetu aliyegundua kwamba pale ulipoishia ndipo ilipopita njia ya kutoka bwaloni kwenda kwenye mabenchi ya wazee, yaliyopangwa upande wa pili penye jua. Jukwaa hatukuwa nalo. Tulisimama chini, kwenye nyasi, kama watu wanaosubiri basi.

Paroko akatangaza. Nestori akahesabu kwa vijiti. Fidelis akafumba macho. Tukaanza.

Ubeti wa kwanza nilipiga Lori la Tunduma lote. Niliwaona vijana waliokuwa mbele wakitazamana. Mmoja alicheza kidogo akaacha, hakujua aufuate mguu upi. Nikajiambia wanashangaa ufundi. Nikajitayarisha kwa Mteremko.

Ndipo mlango wa bwalo ukafunguliwa, wazee wakaanza kutoka, wameshiba, wanakwenda kuota jua. Wa kwanza alikuwa Bibi Leokadia.

Bibi Leokadia ni mama yake mama yangu. Ndiye aliyenilea kule Kasense, tangu sijui kufunga kamba za viatu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kutembea taratibu, na hakuwahi katika maisha yake kumpita mtu bila kumwamkia. Na sasa njia yake ilipita mbele yangu, hatua mbili kutoka kwenye gitaa langu. Akaja mpaka hapo. Akasimama. Akanitazama, akangoja.

Mwanangu, wewe ni mtu wa huku, lakini siku hizi mnaamkiana kwa kunyanyua simu, kwa hiyo nikukumbushe. Kwetu mdogo akikutana na mkubwa anachuchumaa. Anapiga makofi taratibu, viganja vimekutana vizuri, anaamkia, ananyamaza angoje aitikiwe. Akiitikiwa anapiga tena, anaulizwa ya nyumbani, anajibu, anangoja. Haina haraka. Kijana aliyebaki wima mbele ya bibi yake, tena siku ya sikukuu, tena mbele ya parokia nzima, huyo angezungumzwa mpaka mavuno yafuatayo. Asingepata hata mke.

Nilikuwa na muda wa kuamua kiasi cha kupepesa macho. Nikapiga uzi mnene mara moja, nikauacha unalia wenyewe, nikachuchumaa na gitaa langu shingoni. Nikapiga makofi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeshakula?"

"Bado, bibi. Napiga muziki."

"Naona. Mbona umekonda? Hicho kitu si kizito?"

Nyuma yangu Nestori anapiga dramu. Pembeni Fidelis anaimba, macho yamefumbwa, hana habari. Bibi akaridhika akasogea. Nikainuka mbio, nikawahi noti moja wimbo ulipokuwa unageuka, nikaweka ya pili pale mguu wa Nestori ulipopiga ngoma kubwa. Nikanyanyua vidole niendelee, nikamwona Mzee Desderi, katekista mstaafu, amesimama mbele yangu. Nikapiga uzi mnene, nikachuchumaa.

Nyuma ya Mzee Desderi kulikuwa na mwingine. Nyuma ya huyo kulikuwa na foleni. Wazee wote wa parokia walikuwa wametoka bwaloni kwa mpigo, na kwa kuwa walimwona kijana ameshachuchumaa, hakuna ambaye angempita kama hajamwona. Huo ungekuwa utovu wa adabu kwa upande wao. Kila mmoja akasimama, akaamkiwa, akaitikia, akauliza ulezi umekaukaje na mama yangu anaendeleaje na mguu. Mimi nikawa naruka kama chura. Noti moja, chuchumaa, makofi. Inuka, noti mbili, chuchumaa, makofi. Magoti yanawaka moto, jasho linanitoka kwenye baridi ile. Nilisema moyoni, Kasiano, gitaa limeshaenda Kasanga.

Mara nikasikia kitu. Makofi yalikuwa mengi kuliko yangu. Vijana waliosimama karibu nao walikuwa wamechuchumaa, maana wazee ni wa wote, nao wanapiga makofi pamoja nami kila nikinyamazisha besi. Kipaza sauti cha Fidelis kikayachukua makofi kikayatupa kwenye spika. Noti, kimya, makofi. Noti mbili, kimya, makofi. Nestori akaanza kucheka, akaupunguza mkono, akaukaza mguu. Wale waliokuwa nyuma, ambao hawakuona wazee wakipita, wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Wakaanza kucheza. Uwanja wote ukawa unashuka na kupanda. Nikamwona paroko anatikisa kichwa kwa mpigo wetu, na hakuwa mtu wa kutikisa kichwa ovyo.

Wimbo ulipoisha watu walipiga kelele. "Rudia! Rudia!"

Fidelis akafumbua macho, akaja kwangu uso unang'aa.

"Kasi! Hiyo besi umeitoa wapi?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli, mwanangu, na ningebaki salama. Sentensi moja tu ilitosha: nilikuwa naamkia wazee. Lakini nilitazama nyuma ya umati nikamwona Rajabu anapiga makofi kwa furaha, na kichwa changu kikavimba.

"Nimeitunga mwenyewe," nikasema. "Wiki nzima nilikuwa nawaficha. Nilitaka niwashtue."

"Umetushtua kweli. Basi rudia hivyo hivyo, usibadilishe kitu."

"Hivyo hivyo," nikamjibu.

Tukarudia. Wazee wote walikuwa wameshaketi kwenye mabenchi yao. Njia ilikuwa tupu. Nikapiga noti moja, nikanyamaza. Ukimya ule, sasa kwa kuwa hakukuwa na mzee mbele yangu, niliuona mrefu mno. Niliona kama watu wote wananitazama wakisema huyu amesahau. Nikapiga noti mbili, nikajizuia. Vidole vikaanza kuwasha. Nikajiambia, wamenishangilia kwa noti chache namna hii, je nikiwapa zote?

Nikawapa Mteremko wa Kasanga.

Nilishuka nao vizuri mwanzoni. Kona ya kwanza nikaipata, ya pili nikaipata, ya tatu nikamwacha Nestori nyuma. Nestori akaongeza mwendo anifukuze. Fidelis akawa na maneno mengi kuliko muda wa kuyasemea, akaanza kuyameza. Nilipofika chini kabisa sikujua tena wimbo uko wapi. Nikapanda tena kuutafuta. Hapo Fidelis akafumbua macho katikati ya kiitikio, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, akanitazama kama mtu aliyeamshwa na mbwa. Waliokuwa wanacheza wakagongana. Mmoja mmoja wakakumbuka kwamba bwaloni kulikuwa na chakula kimebaki. Tulipomaliza, waliokuwa wamesimama mbele yetu ni watoto wawili na mbuzi wa paroko.

Nikajifanya nakunja waya. Bibi Leokadia akaniita kutoka benchi lake. Nikaenda, nikachuchumaa, nikaamkia upya, maana kwake kuamkiwa mara mbili hakukumdhuru mtu.

"Mume wangu," akasema, "kwenye ule wimbo wa kwanza ulipokuwa unaniamkia, ulinipa nafasi ya kuitikia au hukunipa?"

"Nilikupa, bibi."

"Na huu wa pili? Hilo gitaa lako limeniamkia, likaitikia lenyewe, likajiuliza habari za nyumbani, likajijibu, likajiaga. Sisi tuliokaa hapa tulikuwa na kazi gani?"

Wazee waliokuwa jirani wakacheka, Mzee Desderi akacheka mpaka akakohoa. Bibi hakucheka.

"Nimekulea mimi," akasema. "Watu wakuone una maneno mengi kuliko wenzako, aibu ni yangu. Nenda kale, umekonda."

Sikwenda kula. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli. Kunikosoa sikuona vibaya. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa amesema jambo la muziki ambalo mimi mwanamuziki sikulijua, naye hajawahi kushika gitaa.

Siku ya pili yake Fidelis alituita wote, na Rajabu akiwemo. Fidelis alikuwa amechanganyikiwa. Akaniuliza taratibu, bila hasira, "Kasi, besi ya kwanza ulitunga wewe. Ile ya pili alitunga nani?"

Nilikuwa nimejitayarishia uongo wa spika mbovu. Nilikuwa nao mdomoni kabisa. Nikauma meno, nikasema yote: bibi, foleni, makofi, magoti. Nestori alianguka kwenye kigoda chake kwa kucheka, akavunja kijiti kimoja cha dramu. Fidelis hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo besi nzuri ni ya wazee, na mbaya ni yako. Basi gitaa ashike Rajabu. Na wewe ndiye utakayemfundisha ile ya wazee, maana ndiye pekee unayeijua."

Nikampa Rajabu gitaa kwa mikono yangu miwili. Ningeweza kuondoka, kama ulivyoondoka wewe. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje. Sijui hata leo kilichonirudisha, ila nadhani nilitaka angalau ile besi isipotee.

Kumfundisha kulinichosha. Noti alizipata mara moja, zilikuwa chache. Kimya ndicho kilichomshinda. Alikuwa anangoja, lakini kwa muda mfupi mno. Nikagundua tatizo: watu wa ziwani wanaamkiana huku wanatembea, kana kwamba boti inawaacha. Ikabidi nimfundishe kwanza kuamkia kwa desturi ya huku. Nikamchuchumaza, nikampigisha makofi, nikajifanya mzee, nikamwuliza habari za mama yake na za mavuno. Rajabu akasema kwao hawavuni, wanavua. Nikamwambia basi niambie dagaa, lakini usiwe na haraka. Baada ya siku tatu nikamwambia ashike gitaa, asichuchumae tena ila moyoni. Piga noti pamoja na mguu wa Nestori. Amkia. Ngoja Fidelis aitikie. Wimbo ukitaka kugeuka, weka noti moja ya kuwafungulia wenzako mlango, halafu nyamaza. Ikakaa. Ikakaa vizuri kuliko mimi nilivyowahi kuipiga, kwa sababu Rajabu hakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu.

Baada ya wiki chache bendi iliitwa kwenye harusi Kasense, mchana. Mimi nilibeba spika na kupanga mabenchi. Walipoanza "Baridi ya Juni" nilisimama pembeni na Bibi Leokadia, nimekunja mikono, nimenuna kidogo. Rajabu akapiga noti yake ya kwanza, akanyamaza. Ndani ya ule ukimya nikasikia Fidelis anaimba.

Mwanangu, nilikuwa nimepiga wimbo ule miezi mitatu. Siku ile ndiyo niliyosikia maneno yake kwa mara ya kwanza. Haukuwa wimbo wa hali ya hewa. Ulikuwa wimbo wa mama yake Fidelis. Aliimba kwamba nyumba ilikuwa na blanketi moja, na kila Juni mama alimfunika yeye, akamwambia mimi sisikii baridi, mwanangu, mimi ni mtu mzima. Kwamba aliamini hivyo mpaka alipokuwa mkubwa na mama ameshazikwa, ndipo alipojua kwamba watu wazima nao husikia baridi. Ndiyo maana alikuwa akiimba amefumba macho. Picha ya kwenye kanda ilikuwa kisingizio alichotupa sisi. Mazoezi yote yale rafiki yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, anamlilia mama yake, na mimi nampigia Lori la Tunduma juu ya kichwa.

Nililia pale kwenye mabenchi. Bibi akadhani ni njaa.

Gitaa nilirudishiwa mwaka uliofuata, Rajabu alipokwenda kwao Kasanga kumsaidia baba yake. Nimepiga besi miaka mingi baada ya hapo, roki na rumba na za kanisani, na sijawahi tena kupiga wimbo kabla sijakaa chini na mtunzi wake nikamwambia, hebu niambie bila muziki, hapa unasema nini.

Kwa hiyo nasaha yangu ndiyo hii, nami naisema wazi ili usije ukasema babu alizungukazunguka. Leo hii rudi kwa wenzako, kabla hasira haijawa mazoea. Usiende na maelezo. Mwombe anayeimba akusomee maneno yake polepole, wewe gitaa likiwa chini. Halafu sikiliza mguu wa mpiga dramu, upange noti zako pale mguu unapotua, chache, na kila ukipiga, uache nafasi mtu aitikie. Ukisifiwa kwa jambo ambalo hukulifanya, sema siku ile ile, maana ukingoja kesho utatakiwa ulirudie na hutaweza. Na wakimpa mwingine gitaa lako, umfundishe kila unachojua, bila kumficha hata kimoja. Itauma. Fundisha hivyo hivyo.

Inuka sasa, chukua chombo chako. Mwenyezi Mungu akupe masikio yenye subira kuliko vidole. Akujalie marafiki ambao utayasikia maneno yao wakiwa bado hai na wanakuimbia, akulindie wazazi wako, ashibishe nyumba yao, na kila utakaposimama kupiga, asiwepo mtu mbele yako atakayekosa nafasi kwa sababu yako. Nenda kwa amani, mwanangu. Na upite kwa bibi yako umwamkie, amekuona ukiingia.